Ukiangusha pikipiki mbele za watu, usikimbilie kuiwasha

SpanaKumi

Wakuu habari za muda huu.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Morogoro, upande wa Kihonda. Mvua zikianza tu kuna aina ya wateja wanaongezeka kijiweni kwangu na sio watu wa ajali za barabarani. Nawasema wale ambao pikipiki imewalalia tu ikiwa imesimama au inageuzwa taratibu, sheli wakati wa kuweka mafuta, getini, mbele ya msikiti watu wakitoka swala ya Ijumaa, kijiweni mbele ya madereva wenzake. Mtu hajaumia wala hajagongwa na gari, ila anakuja kwa fundi kichwa kimeinama na kitu cha kwanza anachokwambia sio pikipiki ina shida gani, anakwambia "fundi ilikuwa bahati mbaya, hii pikipiki naendesha muda mrefu". Mimi simuulizi. Ila nikianza kukagua mara nyingi nakuta kilichoharibika zaidi kimeharibika baada ya kuanguka, yaani zile dakika mbili tatu mtu anataka aondoke pale haraka watu waache kumtazama.

Ndo maana nimeamua kuandika. Aibu inawala watu hela na wengine inawaumiza migongo, na inaniuma kwa sababu inazuilika.

Kuangusha pikipiki ikiwa imesimama sio dalili kwamba hujui kuendesha. Boxer au TVS HLX tupu ina kilo zaidi ya mia. Ikiwa wima unaishika hata kwa mkono mmoja bila kutoa jasho, ikianza kuinama bado unaimudu, ila kuna mahali ikishapita pale uzito wote unakuja kwenye mguu mmoja, na kama huo mguu umekanyaga kokoto au tope, au umekuta shimo pale ulipotegemea ardhi, basi imeenda. Hata dereva wa miaka ishirini inamkuta. Wengi inawakuta wakati wa kugeuza, usukani umekata kona kabisa, spidi ya mtu anayetembea kwa miguu, halafu mtoto anakatiza anashika breki ya mbele ghafla. Hapo haina muda wa kukuuliza.

Na ikishapita pale pa kurudi iachie. Toa mguu, ruka pembeni. Najua inauma kuiachia ila ukiing'ang'ania utateguka kiwiko au bega, au itakulalia mguu na ekzosti ikiwa ya moto, na kovu la ekzosti kwenye muundi wengi humu tunalijua.

Sasa iko chini na watu wanaangalia. Zima swichi kwanza, funga koki ya mafuta. Pikipiki ikilala ubavu huku injini inaunguruma, oili inakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, vyuma vinasagana vikavu. Na petroli inatoka, pale kwenye mfuniko wa tangi pana tundu la kupumulia na kwenye kabureta kuna kile kimpira cha kumwagia, wakati ekzosti iko hapo hapo inachoma. Kama kuna mtu anakuja kukusaidia na sigara mdomoni mwambie akaitupe mbali, usimuonee haya.

Halafu shusha mzigo. Nimeona watu wanne wanainua pikipiki ina gunia la mkaa juu ya keria, mmoja kashika indiketa, mwingine kashika madigadi, mwingine anavuta kioo. Wanasaidia kwa moyo safi kabisa lakini wanainua pikipiki huku wanaing'oa. Waambie washike usukani na chuma cha keria basi, sehemu nyingine waache.

Angalia imelalia upande gani. Kama imelalia kulia, stendi ya pembeni iko juu, itoe kabisa kabla hujainua, maana watu wakiinua kwa hasira wanaipitisha wima inaenda kulala kushoto, hiyo nimeona sana. Ingiza gia namba moja isikimbie. Geuza usukani mpaka mwisho kuelekea chini ilipolalia. Kama uko peke yako, ipe mgongo, weka makalio kwenye kingo ya siti, chuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani mwingine kwenye chuma cha keria, mgongo unyooke, halafu sukuma kwa miguu ukirudi nyuma kwa hatua ndogo ndogo. Hata mtu mwembamba anaiinua Boxer namna hiyo. Ukiinama mbele yake ukavuta kwa kiuno unaweza kuiinua pia ila kesho yake utakuwa kitandani.

Ukishaiweka kwenye stendi hapo ndo uzi wangu ulipo: USIIWASHE. Ngoja kama dakika tano, oili irudi chini, petroli iliyomwagika ikauke. Hizo dakika tano ndo watu hawataki kuzikaa kwa sababu ya macho ya watu. Zikae. Una kazi ya kufanya humo.

Shika resi, ivute mpaka mwisho halafu iachie, inatakiwa irudi yenyewe mara moja kwa nguvu. Pikipiki ikilalia kulia usukani unagonga chini, ile mpira ya mkononi inasukumwa ndani inabana, au mchanga unaingia katikati, resi inabaki juu. Ukiwasha ukaingiza gia resi imeganda utaingia chini ya gari au utamgonga mtu. Hili sio la mzaha jamani. Jaribu ukiwa umenyoosha usukani, halafu umekata kushoto, halafu kulia.

Minya breki ya mbele, kanyaga ya nyuma uone pedeli haijajipinda ikagusa kava. Minya klachi. Angalia pedeli ya gia, hii ikilalia kushoto inajikunja kuelekea ndani na watu wanaivuta kwa nguvu pale pale ikiwa imefungwa kwenye pikipiki, hapo unapindisha shafti ya gia na shafti sio spea ya kubadilisha barabarani, ni kupasua injini. Ifungue bolti moja tu, inyooshe pembeni, irudishe. Kama huna spana, bora utembee na gia moja mpaka kwa fundi.

Chungulia chini. Kava la injini likipasuka oili inaanza kidogo kidogo, tone, tone, huioni mpaka ufike mbali. Pangusa kwa kitambaa, subiri, angalia tena.

Nitoe mfano mmoja. Kuna mwalimu mmoja dada yetu wa Mazimbu, pikipiki ilimlalia kwenye mtelemko ikakaa kichwa chini matako juu kwa muda kidogo maana alikuwa peke yake. Watu walipofika wakainua, kiki haishuki kabisa, ngumu. Vijana wakamwambia dada kaa juu tukusukume uweke gia mbili itawaka. Akakataa, akaniletea kwenye toroli la bajaji. Nikafungua plagi, nikapiga kiki, likaruka dimbwi la petroli iliyochanganyika na oili mpaka kwenye shati langu. Ilikuwa imejaa juu ya pistoni. Kimiminika hakishindiliki kama hewa, ukilazimisha injini izunguke pale kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni. Nikaikausha, nikaweka plagi mpya, nikamwaga oili nikaweka nyingine, akaondoka nayo jioni ile ile. Haitokei kila mara, ni mara chache, ila kiki ikiwa ngumu isivyo kawaida baada ya kuanguka usilazimishe, fungua plagi kwanza. Yule mwalimu angeona aibu kuwakatalia wale vijana leo tungekuwa tunapasua injini.

Nawakaribisha wenye maswali na wenye uzoefu.

kijana_wa_hesabu

Mkuu umeongea kitu nilikuwa nakitafuta. Sasa sisi wa mkataba, tunaomlipa bosi kidogo kidogo mpaka pikipiki iwe yetu, tunafanyaje? Mimi pikipiki ya bosi, imelala juzi kwenye tope kijiweni, kioo kimevunjika, tangi limekwanguka na usukani nikishika naona kama umeenda upande. Bosi bado sijamwambia, nimenunua kioo kingine ila sio cha aina ile. Naogopa atasema nimepata ajali atachukua pikipiki yake na mkataba nimeshamaliza zaidi ya nusu.

SpanaKumi

Mdogo wangu pole sana. Usukani kwanza maana huo unaendeshea abiria. Mara nyingi hapo hakuna chuma kilichopinda, shokapu za mbele zimejisokota tu kwenye vibanio vyake. Legeza bolti za ekseli ya mbele na zile zinazobana shokapu pale chini ya usukani, usizitoe, legeza, halafu simama mbele ya pikipiki bana tairi kwa magoti yako, zungusha usukani taratibu mpaka unyooke na tairi, kandamiza mbele mara kadhaa shokapu zikae, kisha kaza kuanzia juu ukimalizia ekseli. Ukimaliza endesha polepole sehemu tambarare, legeza mikono kidogo uone inavuta upande. Ikivuta bado basi kuna kitu kimepinda, hapo lete kwa fundi.

Kuhusu bosi, mwambie leo. Mpigie picha ile tope, mpigie picha tangi, mwambie ilikuwa imesimama. Bosi akigundua mwenyewe kwa kioo kisichofanana atahisi umeficha kikubwa zaidi, ataanza kukagua injini na kukuhesabia kila kitu. Wamiliki wengi wanajua pikipiki ya biashara haiwezi kukaa bila mkwaruzo.

Mama Aisha Bodaboda

Fundi Mungu akubariki. Mimi ni mwanamke naendesha mwenyewe kupeleka maziwa asubuhi na kurudi. Sisi tukiangusha kuna kitu cha ziada ambacho nyie hamkioni, mwanaume akiangusha wanamwambia pole kaka, mimi wanasema si nilisema, mwanamke na pikipiki wapi na wapi. Nilikuwa nalia ndani ya helmeti. Kuna kipindi nilitaka kuiuza kabisa kwa sababu ya sheli moja tu ambayo vijana wake walikuwa wananisubiri nifike wacheke.

Kilichonisaidia ni vitu viwili. Mimi ni mfupi, nikikaa miguu yote haifiki chini ikakanyaga sawasawa, nilikuwa nahangaika kushusha yote miwili inafika vidole tu. Dada mmoja wa hapa kwetu akaniambia acha, shusha mmoja tu wa kushoto ukanyage na unyayo mzima, sogea kidogo kwenye siti, wa kulia ubaki kwenye breki. Na kabla sijasimama naangalia kwanza nakoenda kukanyaga, kama pana mchanga au pameinama natembea hatua mbili mbele. Siti nayo nilipeleka kwa fundi wa makochi akapunguza sponji. Toka hapo nimetulia kabisa.

Na wale vijana wa sheli nilikuja kuwaambia, mnaonicheka njooni muinue. Walikuja wakainua. Siku hizi wananisalimia vizuri.

SpanaKumi

Dada umemaliza kila kitu. Wanaume wafupi humu wasome hapo pia, wengi wanaona haya kupunguza siti.

Nduthi_ya_Nakuru

Salaam wasee wa Bongo, nawasoma kutoka Nakuru. Huku kwetu nduthi (pikipiki) nyingi zinaanguka sababu ya kastoma kupanda kabla hujamwambia. Mathe amebeba vitu za soko anakanyaga kikanyagio na uzito wote upande mmoja kama bado unarudisha pesa ya mwingine, mnaenda chini wote. Siku hizi mimi nasimama, naweka miguu, nashika breki ya mbele kabisa, ndio namwambia sasa panda. Vitu zake nazipokea kwanza naziweka mbele. Akikasirika ati namchelewesha, sawa.

Ingine ni stendi ya pembeni kwa matope. Asubuhi udongo ni mgumu unaegesha, saa saba mvua imenyesha, stendi inazama pole pole, nduthi inalala na hauko hata karibu, na kama mmepanga mstari moja inaangusha zote. Nabeba kipande cha mbao chini ya siti, naweka chini ya stendi. Hata jiwe bapa ama kifuniko cha kopo la rangi.

mdau wa Ubungo

Hapo kwa pikipiki moja kwenye mstari kuangusha nyingine, nani analipa? Kijiweni kwetu iliwahi kuleta ugomvi karibu watu wapigane.

Nduthi_ya_Nakuru

Kwa steji yetu tumekubaliana, aliyeegesha ya kwanza kuanguka analipa kioo na indiketa za wengine, lakini kila mtu anasaidia kuinua kabla ya kuongea pesa. Tulikubaliana kama hakuna kitu imetokea, hiyo ndio ilisaidia.

CheseMbili

Fundi mimi napingana na wewe kwenye kuiachia. Hela ya tangi unaijua wewe? Pikipiki yangu ni mpya, nikiona inaenda naishika kwa nguvu zote, hata kama haisimami inashuka taratibu, haipigi chini. Kuiachia tu ni kuharibu mali.

SpanaKumi

CheseMbili hoja yako naielewa na una haki kwenye kitu kimoja, kama bado hujashuka na miguu yote iko salama, kuisindikiza ishuke polepole inasaidia. Ninachokataza ni kujaribu kuirudisha juu wakati imeshapita. Mtu anakunja mgongo, anazungusha kiuno, anavuta kilo mia na zaidi kwa mkono mmoja. Tangi linanyooshwa, mgongo nani atakunyooshea, na ukilala nyumbani mwezi hiyo pikipiki mpya inakulipa nini?

Kama unaionea huruma, funga bampa ile ya chuma ya pembeni mwa injini, itapokea yenyewe. Na kitu kingine cha bure kabisa, ile bolti inayobana mkono wa klachi na wa breki kwenye usukani usiikaze mpaka mwisho. Ikaze kiasi kwamba ukiendesha hauchezi, ila ukiupiga kwa kiganja kwa nguvu unazunguka. Pikipiki ikianguka mkono unajizungusha badala ya kukatika. Watu wengi wanakaza hadi bolti inalia.

CheseMbili

Hiyo ya bolti sikuwa naijua. Nimeenda kulegeza sasa hivi. Bado tangi langu nitalishika lakini.

mdau wa Ubungo

Nina swali la bima fundi au yeyote. Nimekata bima, pikipiki imeangukia geti langu mwenyewe, taa ya mbele imevunjika, nikadhani nitalipwa, wamenikatalia.

Wakala_mstaafu

Mkuu inategemea umekata ipi. Hii tunayokata wengi ili trafiki asitusumbue ni bima ndogo, inalipa madhara uliyomfanyia mtu mwingine, mali yako wewe haiigusi. Taa yako, tangi lako, mguu wako haimo. Inayogusa pikipiki yako ni bima kubwa, na hata hiyo soma mkataba, mara nyingi kuna kiasi cha mwanzo unachangia mwenyewe, unaweza kukuta taa na kioo haifiki hata hicho kiasi. Kwa mwanguko wa kusimama wengi watalipa mfukoni tu.

Ila kama ni gari lilirudi nyuma likaangusha pikipiki yako umeegesha, hapo ni bima ya mwenye gari. Usiinue kabla hujapiga picha ikiwa chini na namba ya gari ionekane, na taarifa ya polisi uitafute siku ile ile. Watu wanaona aibu pikipiki kulala barabarani wanaiinua fasta, ushahidi umekwisha.

kijana_wa_hesabu

Nimempigia bosi. Kakaa kimya kidogo akasema leta niione. Amekagua, amesema kioo nibadilishe kingine vifanane na tangi twende nusu kwa nusu. Mkataba unaendelea. Fundi nashukuru sana, na usukani umenyooka kwa ile njia ya kubana tairi na magoti.

Sasa pale tangi lilipokwanguka pameonekana chuma cheupe, nipake rangi ya kucha kama wanavyosema?

SpanaKumi

Umefanya vizuri sana na huyo bosi wako ni muungwana, mtunze.

Ya kucha inaziba kwa muda isiingie kutu, kama ni mkwaruzo mwembamba kama uzi ipake tu leo usiache ipitie usiku wa mvua. Kama ni eneo la kidole au zaidi, piga msasa laini mpaka pembeni ya rangi paishe taratibu pasiwe na ngazi, futa vumbi na kitambaa chenye petroli kidogo, iache ikauke kabisa, piga praima, halafu rangi. Kisha chungulia ndani na chini ya tangi, kama pamebonyea kwenye maungio unaweza kukuta petroli inatoka jasho. Ikitoka usikubali mtu alichomelee hivi hivi, tangi tupu lenye mvuke wa petroli linalipuka kuliko hata lililojaa. Linatakiwa lioshwe na lijazwe maji kwanza.

Mama Aisha Bodaboda

Na betri? Yangu ikianguka kuna maji yalimwagika yakatoboa suruali.

SpanaKumi

Hiyo ni betri ya maji, yale ni asidi. Mwaga maji mengi kwenye ngozi na kwenye chuma chote ilipopita, fremu na waya, kabla haijala. Halafu angalia kile kimpira cha kupumulia cha betri kama kimechomoka. Ukija kununua nyingine chukua ile kavu iliyozibwa, ikilala haimwagi.

porini_express

Mimi napeleka mizigo vijijini huko Mvomero, hamna fundi wala duka. Mkono wa klachi ukikatika wote kabisa huko narudije?

SpanaKumi

Kama kimebaki kipisi, bana kipisi hicho na plaizi ya kubana, utaminya nayo. Kama hakuna kabisa, washa ikiwa nyutro, kaa juu, isukume kwa miguu mpaka itembee spidi ya mtu anayeharakisha, ukiwa umeacha resi chini gonga gia, itashtuka kidogo halafu itaenda. Kupandisha gia achia resi nusu sekunde na kanyaga hapo hapo. Kusimama ndo kwenye kazi, irudishe nyutro mapema ikiwa bado inatembea, halafu breki. Fanya hivyo njia tupu tu, usiingie nayo sokoni wala kwenye foleni, na usipakie mtu. Ukifika dukani nunua mikono miwili ya klachi, ni elfu chache tu, mmoja ufunge na mpira chini ya siti pamoja na spana namba kumi.

porini_express

Nimekusoma fundi. Kesho nanunua.